Mzigo Mwepesi wa Baba

Sikukuu iliyopita wajukuu zangu walilipua fataki uani kwangu hapa Kambarage, mchana kweupe, nami nikiwa kibarazani napepeta mchele. Moshi ukanifikia. Harufu ile ya kiberiti na chuma cha moto ilinipanda puani, ungo ukanitoka mkononi, na nusu ya mchele ikamwagika chini. Mke wa mwanangu alikimbia kuniletea maji akidhani ni presha. Nilimwambia ni uzee tu. Wale wa rika langu, hasa waliokulia upande wa Kahama na Masumbwe, huenda wakanielewa bila maelezo mengi, maana kwetu sisi fataki haikuwa mchezo wa watoto.

Fataki tuliyoijua sisi ilikuwa kikofia cha shaba, kidogo kuliko punje ya hindi. Kilivishwa kwenye kitundu cha gobori, chini ya nyundo. Nyundo ikipiga, fataki inatoa cheche, cheche inaingia kwenye baruti, na bunduki inalia. Unaweza kuwa na baruti nzuri, risasi nzuri na jicho zuri, lakini bila fataki umeshika bomba la chuma. Baba yangu alinieleza hayo mwenyewe nikiwa mdogo sana, kwa sababu nilikuwa mtoto wa pekee kwa muda mrefu na hakuwa na mwingine wa kumweleza. Fataki zake alizihifadhi kwenye kibati kilichowahi kuwa cha marhamu. Ukikitikisa kilitoa sauti kama ya mbegu kavu.

Mwaka ninaousimulia mama alijifungua pacha, Kulwa na Doto, na mvua zilikuwa zimetunyima. Mtama ulikauka ukiwa na urefu wa magoti yangu. Tulikula michembe, vile vipande vya viazi vilivyokaushwa juani, asubuhi, na jioni tulikula michembe. Mama alikonda hadi bangili yake ikawa inapanda mpaka kwenye kiwiko, na maziwa yakawa hayatoshi watoto wawili. Kulwa alikuwa na nguvu ya kulia. Doto hakuwa na nguvu hiyo, naye ndiye aliyetutia hofu. Nilikuwa nikiweka kidole changu chini ya pua yake kuona kama bado anapumua, na nadhani kila mtu pale nyumbani alifanya hivyo kwa siri.

Ndipo baba akasema ataingia porini kutafuta nyama.

Miaka mingine kwenda kuwinda kulikuwa jambo la kufurahisha. Baba alikwenda na rafiki yake, Baba Masele, pamoja na vijana wawili wa kubeba. Walichukua sufuria, mablanketi, unga wa siku nyingi na mashoka mawili, wakaondoka wakiimba. Lakini mwaka ule Baba Masele alikuwa amekwenda Geita kuchimba dhahabu, na vijana wale walimfuata. Isitoshe, wanyama walikuwa wamehama. Serikali ilikuwa imefyeka miti maili nyingi ili kuwafukuza mbung'o wanaoleta malale, na kongoni na tandala wakasogea ndani zaidi, mwendo wa zaidi ya siku nzima kwa mguu. Baba angekwenda peke yake, na nyama angeibeba peke yake.

Alianza kufunga mzigo mchana, mimi nikiwa mlangoni nimempakata Kulwa. Alitandika kipande cha kitambaa cha merikani sakafuni akapanga vitu juu yake. Kulikuwa na pembe ya ng'ombe yenye baruti, iliyozibwa kwa nta, na kifuko cha ngozi chenye risasi za mviringo. Kulikuwa na nyuzi za gome la mti za kushindilia, kibati cha fataki, kisu, kibuyu cha maji, chumvi kwenye jani, na matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa vikakaushwa hadi vikawa vigumu kama mbao. Gobori lenyewe liliegemea ukutani na mdeki wake, ule ufito wa chuma wa kushindilia.

Kisha akaanza kupunguza. Hilo ndilo sikuwahi kuliona. Alimimina nusu ya baruti kwenye chungu na kuirudisha darini. Alihesabu risasi sita, nyingine akaziacha. Shoka alilishika, akalipima mkononi, akaliweka kando. Sufuria akaliweka kando. Hata matobolwa aliyatazama kwa muda, akachukua mafungu mawili akampa mama. Mama alimwuliza atakula nini. Baba akajibu kwamba kila anachobeba kwenda kitamzidishia uzito, na anataka mabega yake yabaki na nguvu za kurudi na nyama. Nayasikia maneno hayo vizuri leo. Siku ile sikuyasikia, kwa sababu nilikuwa nimeshaona kitu kingine.

Alikuwa amechukua blanketi lake, lile la kijivu lenye mstari mwekundu, na badala ya kulikunja ndani ya mzigo alilikunja vizuri akaliweka kitandani kwa mama.

"Hili wafunikeni watoto," alisema.

Lazima nieleze kwa nini blanketi lilinishtua. Mjomba wangu Ndaki, kaka yake mama, aliondoka kwenda kwenye machimbo nikiwa na miaka kama mitano, wala hakurudi tena, wala hakutuma salamu. Mara zote watu wazima walipomtaja, mama alisema jambo lilelile, kwamba ilikuwa wazi tangu mwanzo hatarudi, kwani aliondoka na kimzigo cha kushika kwa mkono mmoja, na hata blanketi lake aliliacha. Kwa akili yangu ya utotoni hiyo ilikuwa kanuni. Anayerudi hubeba vingi. Anayekwenda moja kwa moja hubeba kidogo, na blanketi lake huwaachia wanaobaki.

Nilimtazama baba akiufunga mzigo. Ulikuwa mdogo kiasi kwamba ningeweza kuubeba mimi. Niliona jinsi alivyomtazama Doto, kisha akatazama kando haraka, na nikafanya hesabu zangu. Chakula hakitoshi, watoto ni wawili, mama amekonda, Baba Masele ameshakwenda Geita. Baba anatuacha.

Sikumwuliza. Mtoto akiogopa jambo kubwa namna ile hawezi kuuliza, kwa sababu anaweza kujibiwa. Baba alipotoka kwenda kuaga kwa mwanangwa, yule mkuu wa kijiji chetu, na mama alipoinama kumnyonyesha Doto, nilifungua fundo la mzigo, nikatoa kibati cha fataki, nikakifunga kwenye ncha ya kaniki yangu. Nilifunga fundo tena kama nilivyolikuta. Nilijua baba hawezi kwenda popote bila fataki. Atakapoukagua mzigo wake asubuhi atakuta hazipo, atazitafuta siku nzima, na siku hiyo mimi nitapata la kufanya ili asiende kabisa.

Nilipoamka, alikuwa ameondoka. Mama alisema alitoka jogoo wa kwanza alipowika, hakutaka kuniamsha. Hakuukagua mzigo. Kwa nini aukague, wakati aliupanga mwenyewe kitu kimoja kimoja mbele ya macho yake?

Siku ya kwanza nilijifariji kwamba atagundua njiani na kurudi. Nilikaa juu ya kichuguu kilichokuwa mbele ya boma letu, kibati kikinigonga nyongani, nikiangalia njia hadi macho yakaniuma. Hakuja. Siku ya pili jirani mmoja alipita kuomba moto, akamweleza mama kwamba simba ameua ndama upande wa magharibi, ule aliokwenda baba, karibu na mahali msitu unapoanzia, na kwamba ni jike mwenye watoto, kwa hiyo ni mkali. Mama alimpa jirani kaa la moto. Kisha akasema taratibu, kana kwamba anajiambia mwenyewe, kwamba angalau baba ana bunduki.

Mpaka dakika ile nilikuwa nimeiba kitu cha kumzuia baba asituache. Kuanzia dakika ile nilikuwa nimemtuma baba yangu kwa simba na bomba la chuma.

Nilipaswa kumwambia mama. Nimejiuliza maisha yangu yote kwa nini sikumwambia, na jibu ni lilelile la aibu: nilimwogopa zaidi yeye aliyekuwa karibu kuliko simba aliyekuwa mbali. Nikaamua nimpelekee baba fataki zake mwenyewe.

Njia ya porini ilipita kwenye kizuizi cha mbung'o. Wenzangu mnakumbuka vizuizi vile. Mti ulilazwa kukatiza njia, na mlinzi alikaa pale na kimia chake cha kunasia nzi. Kila aliyetoka porini aligeuzwa nyuma na mbele, mlinzi akamkagua mgongo na kumwondoa mbung'o mmoja mmoja, kisha akaingizwa pamoja na mizigo yake kwenye kibanda kisicho na dirisha hadi nzi waliobaki watoke. Sisi watoto tulikuwa na maelezo yetu kuhusu kibanda kile. Tulijua kwa hakika kwamba mlinzi alikuwa mumiani, kwamba ndani mle aliwanyonya watu damu ikauzwa kwa Wazungu kutengenezea dawa, na kwamba chupa alizopangia nzi wake zilikuwa ushahidi wa kutosha. Msichana mmoja aliapa kwamba aliona kitu chekundu ndani ya mojawapo.

Nilikwenda hadi pale. Naomba mnihesabie hilo. Nilitembea peke yangu, jua likiwa utosini, nikipita kwenye visiki vya miti iliyofyekwa, na kila kisiki kilikuwa simba hadi nikikaribie. Nilikuwa nimejifunza maneno ya kusema: shikamoo, baba yangu amesahau hiki, tafadhali mtu anayekwenda porini ampelekee. Niliyarudia njia nzima.

Mlinzi alikuwa ameketi kwenye gogo akishona kimia chake. Alikuwa mtu mrefu, mgeni kwetu, na baiskeli yake ilisimama ikiegemea kibanda. Mlango wa kibanda ulikuwa wazi na ndani kulikuwa na giza tupu. Aliinua kichwa.

"We binti, umepotea?" aliuliza. "Njoo hapa."

Aliponiita aliinuka, na mkononi alikuwa na chupa.

Nilikimbia. Sikumbuki nilipita wapi, nakumbuka tu pumzi yangu, na sauti yake nyuma ikiita mara mbili kisha ikaacha. Nilipofika kwetu na kushika ncha ya kaniki, fundo lilikuwa limefunguka. Kibati hakikuwepo. Kiliangukia mahali fulani katika majani makavu na visiki vile, na ingawa kesho yake nilirudi nusu ya njia kukitafuta, sikukiona tena maishani.

Siku ya tatu ikapita. Siku ya nne mama hakupika chochote. Alikaa mlangoni na watoto mapajani, na nilipomsogelea alinivuta karibu bila kunitazama. Siku ya tano jua lilikuwa linaelekea kutua nilipoona kutoka kichuguuni kitu kinakuja njiani. Kilikuwa baiskeli. Aliyekuwa akiisukuma ni mlinzi wa mbung'o, na juu ya kiti cha nyuma alikuwa amelazwa mtu, miguu inaning'inia, kichwa kimeegemea tandiko. Niliutambua mguu wa baba kwa kobazi zake.

Mumiani amemmaliza na anamrudisha maiti. Hilo ndilo wazo lililonipita. Nilishuka kichuguuni, nikakaa chini kwenye vumbi.

Baba alikuwa hai. Midomo yake ilipasuka kwa kiu na nyayo zilivimba, hakuweza kukanyaga, lakini alikuwa hai. Yule mlinzi alimshusha kama mtu anayeshusha mtungi uliojaa, akamweleza mama kwamba alimkuta akitambaa karibu na kizuizi asubuhi ile, akampa maji kidogo kidogo na uji, na alingoja jua lipungue ndipo amlete. Mama alimwamkia shikamoo mara tatu, ingawa walikuwa rika moja. Mlinzi alipogeuka kuondoka aliniona pale vumbini. Nilidhani atasema kwamba aliniona kizuizini. Alinitazama tu kidogo, akapanda baiskeli yake.

Siku mbili baadaye baba aliweza kuketi nje, wanaume wakaja kumsikiliza, nami nilisikiliza nikiwa nyuma ya ghala. Alisema alimpata kongoni siku ya pili asubuhi, dume peke yake, upepo ukiwa mzuri. Alitia baruti, akatia risasi, akashindilia, akaingiza mkono kwenye mzigo kutafuta fataki. Hazikuwepo. Alimwaga mzigo wote chini, akapekua kila fundo, na kongoni akiwa bado amesimama pale pale akila. Akageuka kurudi nyumbani. Mchana akakutana na simba jike na watoto wake kwenye njia, akakwea mninga na gobori lake, akiacha vitu vingine vyote chini. Watoto wale walikichezea kibuyu chake hadi kikavunjika. Alikaa juu ya mti siku ile, na usiku wake, na karibu siku nzima iliyofuata, gobori lenye risasi likiwa mapajani mwake na halina faida.

"Umri unaniingia," alimalizia. "Nimesahau fataki kama mtoto mdogo."

Wanaume walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, walifurahi kwamba yu hai, lakini mwindaji anayesahau fataki alikuwa kitu kipya kwao, na kicheko hicho kilimfuata. Alipokwenda kisimani mtu alimwuliza kama amekumbuka ndoo. Alipokwenda shambani waliuliza kama jembe lina mpini. Baba naye alicheka nao.

Nyumbani hakucheka. Alikitafuta kile kibati kila mahali, darini, kwenye vyungu, chini ya kitanda, kwani kama alikisahau basi lazima kiwepo. Alipokikosa aliogopa zaidi. Nilimsikia akimwambia mama kwamba anakumbuka vizuri akikiweka juu ya merikani, anakiona kabisa kichwani, kumbe hakukiweka, na kama kichwa kinaweza kumwonyesha kitu ambacho hakikuwepo, atakiamini vipi tena? Baba yake mzazi alianza hivyo hivyo, alisema, kusahau kitu kimoja kimoja, na mwishoni hakumjua mkewe. Gobori akalitundika ukutani asiliguse tena. Tulichinja mbuzi jike, wa pekee tuliyekuwa naye na akiba yetu ya mwisho, yule niliyekuwa nikimchunga, na mchuzi wake ndio uliomrudishia mama maziwa. Doto akaanza kulia kwa sauti. Siku aliyolia hadi majirani wakamsikia, mama alikaa chini akacheka machozi yakimtoka.

Lakini baba aliendelea kupungua mbele ya macho yangu. Alikuwa akifunga ghala, anakwenda hatua kumi, anarudi kutazama kama amelifunga. Anamwuliza mama jambo, anajibiwa, anamwuliza tena ili awe na hakika. Mtu aliyetembea siku mbili porini peke yake alianza kuogopa kwenda mnadani bila mimi, nimkumbushe alichotumwa. Njiani alinishika mkono. Watu walidhani ananiongoza.

Mvua zilipokuja tulikwenda shambani kupanda mtama. Mama alikuwa upande wa pili, Kulwa mgongoni na Doto chini ya kivuli. Mimi nilimfuata baba na kibakuli cha mbegu, yeye akichimba vishimo. Alisimama katikati ya mstari. Alitazama nyuma, akatazama mbele, midomo ikicheza, na nikaelewa kwamba hajui kama mstari ule ameshaupanda. Aligeuka kuniuliza, na usoni mwake niliona hofu ambayo nilikuwa naifahamu vizuri, kwa sababu nilikuwa nimeishi nayo miezi mitatu.

"Baba, hukusahau," nilisema.

Alidhani nazungumzia mstari. Nikatikisa kichwa. Nilimwambia kuhusu fundo, kibati na kaniki yangu, na kwamba niliangusha kibati kwenye visiki. Maneno yalitoka yote kwa mkupuo, na mbegu zikamwagika nje ya kibakuli. Aliuliza swali moja tu, kwa nini. Nikamwambia aliacha blanketi kama mjomba Ndaki.

Nilitazama mpini wa jembe lake, maana nilijua ndio utakaonishukia.

"Kwa hiyo sikusahau," alisema.

Alilisema tena, polepole, kana kwamba anajaribu kama litambeba. Kisha akageuka upande wa pili wa shamba na kuita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu kiangazi.

"Mama Kabula! Sikusahau!"

Mama alinyoosha mgongo, akaweka mkono sikioni, akauliza anasema nini. Baba akarudia. Sidhani kama mama alielewa kitu siku ile, lakini alimpungia mkono. Baba akaegemea jembe lake kidogo, akalipandisha, akaanza kuchimba, na safari hii hakutazama nyuma. Alikwenda na mstari ule moja kwa moja, udongo ukiruka kando. Mimi nilibaki nimesimama pale pale, kibakuli mkononi, nikingoja kupigwa, hadi alipofika mwisho, akageuka, na kuniuliza mbona vishimo vyote havina mbegu.